WAATA WA TSAVO: WALIOMWANGUSHA TEMBO KWA MTI MMOJA, HADI SIKU UPINDE WAO ULIPOPELEKWA JELA

Ukipanda treni ya SGR kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ukishaipita Mariakani nchi inaanza kukauka. Vichaka vya miiba, udongo mwekundu, mibuyu hapa na pale. Abiria wanabanana dirishani na simu zao wakitafuta tembo, na kweli tembo wapo, wekundu kwa lile vumbi la kwao. Wachache sana kwenye treni hiyo wanajua kwamba ndani ya pori hilohilo waliishi watu waliokuwa wanamwangusha tembo huyo kwa mti mmoja, kamba moja na mshale. Hakuna bunduki, hakuna shimo, hakuna jeshi la watu hamsini. Mtu mmoja au wawili tu, tena kwa miguu.

Hao ni Waata. Pwani kuna wanaowaita Wasanye, na vitabu vya wakoloni vimewaandika Waliangulu. Lugha yao ni ya ukoo wa Kioromo, na kabla ya mipaka ya hifadhi kuchorwa waliishi nyika yote ile ya Taru, kando ya mto Galana na kwenda juu mpaka Tana. Hawakuwa na ng'ombe. Majirani zao wafugaji waliwaona ni watu wa chini, watu wa kula nyama ya porini. Lakini majirani haohao wakitaka pembe za ndovu walijua mlango wa kugonga.

Sasa mdau, tuliza akili hapa kidogo, maana hiki kitu si cha kawaida.

Uzito wa upinde unapimwa kwa nguvu inayotakiwa kuuvuta ugwe (ile kamba yake) mpaka mwisho, na kipimo wanachotumia watu wa fani hii ni pauni. Upinde wa mwanamume anayeshindana Olimpiki mara nyingi ni pauni 45 hadi 50 hivi. Wanaochonga pinde zao za mbao kule Ulaya na Marekani kwa kujifurahisha wengi wanaridhika na pauni 40 au 50, na wakimaliza kurusha mishale hamsini mabega yanauma wiki nzima. Upinde wa Mwaata ulikuwa unapita pauni 100. Hiyo ni zaidi ya kilo 45. Chukua mfuko wa saruji, ufunge kamba, halafu uvute kwa vidole vitatu mpaka mkono ufike usoni. Halafu usitikisike. Na mbele yako, hatua chache tu, kuna tembo ambaye bado hajajua kwamba upo.

Wazungu wa zamani za ukoloni waliopewa pinde hizi kujaribu waliaibika. Wanaume wenye miili yao, wawindaji wa bunduki, waliushika wakavuta na upinde ukakaa palepale kama umepigiliwa misumari. Kumbe aliyekuwa anaumudu ni mtu mwembamba tu, wa mwili wa kawaida. Kuvuta upinde mzito si kazi ya mkono peke yake, ni mgongo. Na mgongo wa hivyo haupatikani kwa miezi sita ya gym, unajengwa toka utotoni. Mtoto anaanza na kijiti, akikua anapewa kizito kidogo, kila mwaka kinaongezwa. Akifika kuwa kijana mifupa yenyewe imeshakubali.

Kuna kisa cha upande wa pili wa dunia kinachofanana na hiki. Mwaka 1545 meli ya kivita ya mfalme Henry VIII wa Uingereza, iitwayo Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth. Ikakaa kwenye matope karne nne na zaidi. Ilipovutwa juu mwaka 1982, wazamiaji walikuwa wameshatoa humo ndani zaidi ya pinde 130 za vita pamoja na maelfu ya mishale. Kabla ya hapo wataalamu wao wenyewe walikuwa wanabishana, wengine wakisema hizo hadithi za pinde za pauni 100 ni chumvi tupu, hakuna binadamu wa kuvuta kitu hicho. Pinde zikapimwa: nyingi ni pauni 100 na kuendelea, nyingine zinakaribia 180. Hata mifupa ya baadhi ya mabaharia ilikutwa na tofauti kwenye mabega, na wataalamu wengi wanadhani ilitokana na kuvuta upinde tangu utotoni.

Yaani Waingereza walisahau upinde wa babu zao kiasi cha kutouamini, mpaka ukafukuliwa baharini. Na kabla haujafukuliwa, miaka ya 1950, serikali yao ya kikoloni pale Kenya ilikuwa inawakamata watu waliokuwa bado wanaweza kuvuta upinde wa uzito uleule.

Turudi kwenye mti. Upinde wa namna hii ni mti mmoja, haukuungwa wala kubandikwa gundi, na unakaribia urefu wa mtu. Kwenye nchi zetu hizi za Afrika Mashariki miti ya jamii ya mkole imependwa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu inapinda bila kukatika na nyuzi zake ni ndefu. Fundi hachukui mti wowote tu. Anatembea, anashika, anaukagua kama una vifundo au umejisokota. Mti uliojisokota utakusaliti, hata uwe mzuri kwa macho.

Halafu inakuja sehemu ambayo wachongaji wapya wa leo wanavunjia pinde nyingi mno. Upinde ukivutwa, upande wa nje unaotazama shabaha unanyooshwa, na upande wa ndani unaomtazama mrushaji unabanwa. Ule upande wa nje ndio wenye hatari. Kisu kikikata nyuzi za mti upande huo, hata mkato mdogo kama kucha, siku moja utapasuka mkononi kwa kishindo, tena karibu na uso. Kwa hiyo fundi anauacha mgongo wa mti ulivyo, anaondoa ganda tu, halafu ananyoa upande wa ndani polepole. Ananyoa, anakunja kidogo, anatazama. Mkono mmoja ukipinda zaidi ya mwenzake, ananyoa ule mgumu. Tena na tena. Hakuna rula hapo wala mchoro, ni jicho na kiganja. Ukinyoa zaidi huwezi kurudisha.

Ugwe ulitoka kwa wanyama, kano zilizochanwa zikasokotwa. Mshale ulikuwa na manyoya ya ndege mkubwa kama tai nyuma yake ili uende sawa, na mbele kipande kinachochomoka, kile chenye kigumba cha chuma. Ukishaingia mwilini, mti wa mshale unaanguka na kigumba kinabaki na kazi yake. Misumari mikubwa ilipoanza kupatikana madukani, ikawa inafuliwa kuwa vigumba. Na kila mwindaji alikuwa na alama yake kwenye mshale, ili tembo akianguka kusiwe na ubishi pembe ni za nani. Alama hizo kumbuka, zina kazi yake huko mbele.

Lakini mshale peke yake haumuui tembo, hata ungetoka kwenye upinde wa pauni 200. Kilichokuwa kinaua ni sumu ya msunguti.

Msunguti ni mti wa kawaida tu, majani ya kijani mazito, maua meupe yenye harufu nzuri. Ukiuona unaweza kutamani kuuweka uani. Vipande vyake vinachemshwa muda mrefu mpaka kinabaki kitu cheusi kinachonata kama lami. Mabingwa wa kuipika upande ule walikuwa Wagiriama, na Waata walikuwa wateja wao. Sumu ilipakwa nyuma ya kigumba, halafu ikazungushiwa utepe wa ngozi laini. Utepe huo ulikuwa na kazi mbili, kuizuia sumu isikauke ikapoteza nguvu, na kumlinda mwenyewe asijikwaruze. Unavuliwa pale tu mnyama anapoonekana.

Namna ya kuijaribu ndiyo inayosisimua. Mtu anajichanja kidogo, damu inachuruzika mkononi, halafu anaigusisha sumu ule mwisho wa mchuruziko, mbali na kidonda. Damu inaanza kuganda na kubadilika rangi ikipanda kurudi juu. Ikipanda haraka, sumu ni kali. Anafuta upesi kabla haijafika kwenye kidonda! Hapo hakuna kuangalia simu wala kupiga stori.

Sumu hii inashambulia moyo. Inauvuruga mpigo mpaka unasimama. Ikiingia kwenye damu ni kifo, ila nyama ya mnyama inaliwa, mradi sehemu ya jeraha ikatwe itupwe. Mkemia mmoja wa Kifaransa aliitenga mwaka 1888 na jina la kitaalamu, ouabain, limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Ndugu yake wa karibu, sumu ya mishale ya kule Zambezi, aligunduliwa na Wazungu kwa njia ya kuchekesha kidogo: daktari John Kirk, aliyekuwa kwenye msafara wa Livingstone, alipiga mswaki uliokuwa umechafuka kwa sumu hiyo, akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Kutokana na jambo hilo ikaja dawa ya moyo iliyotumika hospitali za Ulaya kwa miaka mingi. Huyo Kirk baadaye ndiye aliyekuwa balozi wa Uingereza pale Zanzibar. Yaani wagonjwa wa moyo kule Ulaya walitibiwa kwa ujuzi wa wawindaji wetu, na hakuna aliyewatumia hata barua ya asante. (Hata panya anaijua sumu hii: kuna panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu anayetafuna gamba la msunguti na kujipaka mate yake ubavuni, mbwa akimng'ata anaumwa au anakufa. Wanasayansi walilithibitisha hilo mwaka 2011.)

Sasa ndiyo unaelewa kwa nini upinde ulipaswa kuwa mzito kiasi kile. Ngozi ya tembo ni nene, na sumu ikiishia kwenye ngozi ni kazi bure. Mshale wa Mwaata ulitakiwa kuzama tumboni, kwenye nyama laini. Kwa hiyo alisogea karibu sana, upepo ukimpiga usoni, akiujua mwendo wa kila mnyama kwenye kundi. Akipata pale anapopataka, tembo hafiki mbali.

Pembe zilikwenda pwani. Biashara hiyo ilikuwa na karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika, kupitia Mombasa, Malindi na Lamu, mpaka Arabuni na India. Mwindaji alipata kidogo. Nguo, nafaka, pombe, hela kiasi. Faida nono ilibaki kwa wa katikati, wale wenye maduka na majahazi. Hilo halijabadilika mpaka leo kwenye biashara nyingi tu, lakini tuendelee.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Eneo kubwa mno, zaidi ya kilomita za mraba 20,000 ukijumlisha Mashariki na Magharibi. Kwenye karatasi lilikuwa pori tupu. Kwa Mwaata palikuwa ni nyumbani. Siku moja alikuwa mwindaji, siku ya pili, bila kusogea hata hatua moja, akawa jangili.

Haki isemwe: tembo walikuwa wanauawa kweli. Bei ya pembe ilipanda, Wakamba nao kutoka upande wa pili walikuwa wanaingia na pinde zao zenye sumu, na askari wa hifadhi walikuwa wanakuta mizoga kila siku. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, na mwenzake Bill Woodley hawakuwa wanaota. Mwaka 1956 ikaanzishwa operesheni kubwa. Woodley alikuwa ametoka kwenye vita vya misitu ya Aberdare dhidi ya Mau Mau, na mbinu za huko zikahamia nyikani: kukamata mmoja, kumhoji, kumtumia kumpata wa pili. Kijiji kwa kijiji, usiku usiku. Zile alama za mishale zilizowekwa ili watu wasigombane zikawa ushahidi. Kigumba kikiokotwa kwenye mzoga, alama inamtaja mwenyewe.

Mpaka mwaka 1957 ulipokuwa unaisha, karibu wawindaji wote wakubwa wa Kiwaata walikuwa wameshapita mikononi mwa askari. Mmoja, ambaye sifa zake zilijulikana kila kambi, aliwasumbua sana kabla mambo yake nayo hayajaisha. Wengi hawakukana mashtaka. Waliulizwa umeua tembo wangapi, wakahesabu. Uongo haukuwa jadi yao, na kwa mwindaji kuhesabu tembo wake ilikuwa ni sifa, hakujua kwamba anahesabu pia miezi ya kukaa ndani.

Kuna jambo la kushangaza kidogo. Waliowakamata ndio waliowasifu kuliko wote. Maofisa haohao waliandika na kusimulia maisha yao yote kwamba hawajawahi kuona wafuatiliaji nyayo na warushaji kama wale. Baadhi ya Waata walipotoka jela wakaajiriwa kuwa maskauti. Na mwaka 1960 ukaanzishwa mpango mpya kwenye eneo la Galana, mashariki ya hifadhi, kwamba Waata wawinde tembo kihalali kwa idadi maalumu na wafaidike. Wazo tamu. Ila utekelezaji ulikuwa wa bunduki, leja na mahesabu ya ofisini. Upinde haukuwa na nafasi humo. Mwaata akawa mfanyakazi kwenye uwindaji wa mtu mwingine, na mpango wenyewe haukudumu.

Halafu ikaja kejeli yenyewe. Mwaka 1970 na 1971 ukame ulipiga Tsavo, na tembo wasiopungua 6,000 wakafa kwa njaa, wengi wakiwa majike na watoto. Idadi ilikuwa imezidi uwezo wa pori. Baada ya hapo zikaja bunduki za kivita. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977, lakini bunduki hazikusoma tangazo. Tsavo na viunga vyake vilivyokuwa na makumi ya maelfu ya tembo miaka ya 1960, kufika 1988 sensa ilikuta kama 5,400 tu. Upinde wa mti mmoja haukuwahi kufanya kitu cha namna hiyo kwa karne zote ulizokuwepo.

Na upinde wenyewe? Ndiyo ulioumia zaidi. Ufundi huu haukuandikwa popote. Unakaa mkononi mwa baba na unahamia kwa mtoto kwa miaka kumi, kumi na tano, kijiti hadi kijiti. Baba akikaa jela miaka miwili, akitoka anakatazwa kushika upinde, huyo mtoto aliyekuwa amefikia upinde wa pauni 40 anabaki hapohapo. Mtoto wake yeye hapati hata huo. Hukuhitaji kuua mtu. Miaka ishirini ilitosha. Waata bado wapo, Kilifi, Tana River na kwingineko, wanalima, wanachoma mkaa, wanafanya vibarua. Pinde za babu zao ziko makumbusho na kwenye kuta za nyumba za watu wengine.

Ukitaka kuona ufundi wa jamaa hii ukiwa bado hai, vuka mpaka uje Tanzania, bonde la ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Ni kabila jingine na lugha nyingine kabisa, ile yenye vidoko, na wapo kama elfu moja na kitu tu. Upinde wao ni mwepesi kuliko wa Waata, wastani unakaribia pauni 70, maana wao tembo si windo lao. Lakini kazi ni ileile: mti mbichi unapashwa moto, unanyooshwa kwenye panda ya mti mwingine, unanyolewa kwa kisu. Mishale wananyoosha kwa moto na meno, mzee kaukamata mshale mdomoni anautazama kwa jicho moja kama fundi cherehani anayetunga uzi. Sumu yao moja inatoka kwenye waridi la jangwani, lile ua la pinki ambalo mjini watu wanalipanda kwenye vyungu vya barazani bila kujua wamemkaribisha nani.

Mwaka 2011 serikali ilitoa hati ya ardhi kwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, hekta zaidi ya 20,000, ili wabaki wanawinda na kuchimba mizizi kwao. Mabomba wa upinde pale bado ni watoto wa kiume wadogo wanaoshinda wakiwalenga ndege na panya, na baba anayewatengenezea upinde mpya kila wa zamani unapokuwa mwepesi. Watalii nao wanakuja, wanapewa upinde wajaribu, wanacheka, wanapiga picha, wanaondoka na mmoja mdogo wa kutundika ukutani. Ule wa kuwindia hauuzwi. Mwenyewe anaondoka nao alfajiri.